Mwenyeji Huonja Kwanza

Ninyi vijana mnaosomea kazi ya hoteli hapa Mugumu, mkinikuta sokoni mnanipa shikamoo, halafu kabla sijamaliza marahaba yangu mnauliza: "Mzee Marwa, eti ni kweli uliwahi kunywa divai ya mgeni mbele ya macho yake?" Ni kweli. Nilikunywa mara mbili. Mara ya kwanza kwa ujinga, mara ya pili kwa makusudi, na hiyo ya pili ilikuwa nusura imfukuzishe kazi mtu aliyenifundisha kila ninachokijua. Nawaandikia zote mbili ili muache kuzipamba huko mnakozisimulia.

Nilizaliwa Nyansurura, kwenye ng'ombe na wimbi. Pombe ya wimbi kwetu huitwa amarwa, kwa hiyo nilipofika kwenye kambi moja ya watalii Serengeti na jina langu la Marwa, wenzangu hawakuhitaji utani mwingine. "Pombe imeajiriwa kuhudumia pombe," walisema, na walisema hivyo mpaka nikastaafu. Nilikuwa mtu mzima, nina mke na watoto wawili. Kuhusu divai nilijua kitu kimoja tu, kwamba padri anainywa na sisi wengine tunamtazama.

Aliyenifundisha ni Mzee Ndahani, Mgogo wa Dodoma. Alikulia kwenye mashamba ya zabibu, akavuna, akabeba makreti, akaingia kiwandani, mwisho akawa mtu wa kuchagua divai na kuihudumia mezani. Alikuwa mfupi, mkavu, shati lake limenyooka kwa pasi hata siku ya mapumziko, na uzembe ulimchefua. Siku ya kwanza alinipa sheria mbili. Ya kwanza: usiseme uongo juu ya chupa. Kama huijui sema huijui, kama imeharibika sema imeharibika, hata kama imesafiri kwa ndege kuja hapa. Ya pili: chupa ikishafunguliwa, mwenyeji huonja kwanza.

Sheria ya pili ndiyo iliyoniponza. Kwa Mzee Ndahani, mwenyeji ni mkubwa wa meza, yule aliyeagiza chupa na kuwakaribisha wenzake. Kwetu Nyansurura mwenyeji ni aliyepika pombe. Huyo hunywa kwanza mbele ya wageni ili waone haina sumu wala hila, ndipo anawapa. Ukimpa mgeni kabla hujaonja mwenyewe, umemtukana. Tena pale kambini wageni wametoka Ulaya, wengine Nairobi, wengine Dar. Mwenyeji wa Serengeti ni nani kama si mimi?

Basi akaja mzungu mmoja mtu mzima na mkewe, wakaagiza nyekundu. Nikaifungua vizuri tu, nikamimina kidogo kwenye glasi ya yule mzungu. Akanyoosha mkono. Nikaichukua glasi kabla hajaifikia, nikamtazama machoni kwa heshima zote, nikanywa yote, nikajifuta mdomo, nikamwambia, "Iko salama." Mkono wake ulibaki hewani.

Jikoni Mzee Ndahani alinikamata shati. "Marwa! Umekunywa divai ya mgeni?"

"Nimeonja, mzee. Si umesema mwenyewe, mwenyeji huonja kwanza?"

"Mwenyeji ni yeye!"

"Yeye? Ametoka wapi yeye? Hapa mwenyeji ni mimi."

Alikaa juu ya kreti la soda, akacheka mpaka akavua miwani. "Mura," akasema, maana neno hilo la Kikurya la kumwita kijana alikuwa ameshalizoea, "utaniua." Halafu akanituma nikaoshe glasi zote za kambi, hata zile zilizokuwa safi.

Msidhani nilijirekebisha siku hiyo hiyo. Wiki haijaisha, mama mmoja wa Nairobi akaniambia, "Niletee nyeupe, lakini iwe kavu." Nikaitoa chupa kwenye barafu, ikawa inachuruzika maji. Nikachukua kitambaa nikaipangusa. Nikapangusa na glasi, ndani na nje, nikapangusa na meza. Nikamwambia, "Sasa ni kavu kabisa, mama." Yeye hakucheka. Alidhani ninamdhihaki.

Mzee Ndahani alinielewesha kavu kwa lugha ya nyumbani, nami nawapa ninyi hivyo hivyo, kwa sababu vitabu vyenu vinazunguka sana. Mnaijua togwa. Siku ya kwanza ni tamu, mtoto anaweza kunywa. Ukiiacha na kimea, utamu unapungua kila siku na ukali unapanda, mpaka wazee wanasema sasa imeiva. Utamu umekwenda wapi? Umeliwa. Zabibu ni vivyo hivyo. Sukari yake ikiliwa yote, divai ni kavu. Ikibaki kidogo, ni nusu kavu. Ikibaki nyingi, ni tamu, na hiyo mpelekee mgeni mwishoni pamoja na keki, usimpe mwanzoni akashiba ulimi. Hakuna kitambaa kinachohusika.

Kitu kingine kinachowashinda ni ukakasi. Mgeni anakunja uso, mnasema imechacha. Hapana! Tafuna ganda la ndizi mbichi, au kunywa chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Ulimi unakauka, fizi zinabana. Huo ndio ukakasi, unatoka kwenye maganda ya zabibu, na nyekundu nzito inao mwingi. Ukiuona hivyo, peleka nyama ya mafuta. Mbuzi wa kuchoma na nyekundu yenye ukakasi wanaelewana bila wewe kuingilia. Ila ukimpa mtu sato wa ziwani na nyekundu hiyo, atahisi amelamba msumari. Sato mpe nyeupe kavu iliyopoa, yenye uchachu kidogo, ifanye kazi ya limau.

Halafu kuna haya mambo ya "joto la chumba". Kila lebo inasema nyekundu inywewe kwa joto la chumba. Chumba cha nani? Chumba cha kwetu saa nane mchana wa Februari, chini ya bati, siagi inageuka mafuta. Mzee Ndahani alikuwa anaiweka nyekundu kwenye ndoo ya maji ya kawaida yenye vipande vichache vya barafu, inakaa muda wa kula supu, basi. Jenereta ikifa alitumia mtungi wa udongo wenye mchanga uliolowa, akaufunika kwa gunia. Wageni walidhani ni mapambo ya Kiafrika wakaupiga picha.

Nisije nikasahau binamu yangu wa Sirari, wakala wa kutoa mizigo mpakani. Nusu ya ndugu zetu wako ng'ambo, Isebania ya Kenya, na Kiswahili chake kimekaa huko huko. Nilimpelekea chupa nzuri ya nyekundu kavu siku ya harusi ya mwanawe. Akaonja, akatoa macho. "Aki Marwa, hii kitu ni chungu hivi na ulibuy?" Akaimiminia soda ya machungwa mpaka juu. Roho iliniuma. Wageni wake wote walifanya hivyo na walifurahi kuliko mimi. Tangu hapo sikumsahihisha mtu kwenye glasi yake. Akitaka barafu mpe barafu. Kazi yako ni kumwambia ukweli wa kilichomo, akishajua ni shauri yake.

Sasa tuje kwenye pua, maana ndipo kazi ya mtu ilipokaribia kupotea.

Divai tunaionja kwa pua zaidi ya ulimi. Mzee Ndahani alinifundisha kunusa nikiwa nimefumba macho, akiniwekea vitu kwenye vikombe: pera, tumbaku, ngozi ya ng'ombe, asali, majani ya nyanya. Alinikataza maneno ya kitabuni. "Usiniambie matunda ambayo hujawahi kuyala," alisema. "Sema la kwenu." Na alinifundisha harufu ya chupa iliyoharibiwa na kizibo, ambayo ni harufu ya gunia lililolowa mvua likasahaulika ghalani. Ukishaijua huipotezi.

Kulikuwa na jambo moja tu alilonishinda. Kila alipofungua nyekundu ya Dodoma, alifumba macho akasema, "Inanuka mvua. Mvua ya kwanza juu ya udongo wetu, mwezi wa kumi na mbili." Nami nanusa, napata zambarau, napata moshi, napata pilipili manga. Mvua sipati. "Nusa tena," anasema. Nanusa tena, hola. Kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja sikuipata hata mara moja, na nilimwambia hivyo kila mara, maana sheria ya kwanza ilikuwa yake.

Mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu, mafua makali yalimlaza majuma mawili. Aliporudi alikuwa mzima, anatembea, shati limenyooka. Siku ya tatu aliniita stoo ya divai, akafunga mlango. Aliweka kikombe cha kahawa iliyosagwa chini ya pua yake.

"Marwa, hii ni nini?"

"Kahawa, mzee."

"Mimi sisikii kitu," akasema. "Hata moshi wa jikoni sisikii."

Tulingoja wiki, tukangoja mwezi, harufu haikurudi. Mtu wa divai asiye na pua ni kinyozi asiyeona. Hakulalamikia kitu kingine ila kimoja. Alitaka kuondoka siku yake ikifika, kwa kuagwa, si kwa kuonewa huruma. Tukapanga mbinu. Akifungua chupa ananipa kizibo kama vile ananipa takataka. Nakinusa nikigeuka. Kikiwa kizuri nakiweka kwenye trei, kikiwa kibaya nakitia mfukoni, naye anasema, "Samahani, nawaletea nyingine."

Tulifanya hivyo miezi, ikatusaidia. Ila siku moja ya mapumziko yangu alibaki peke yake, na chupa mbovu ikafika mezani, ikamiminwa kwa watu wanne, wakaenda kulalamika. Meneja wetu, Bi Aneth, mwanamke wa haki lakini mkali, alimwambia mbele yangu: "Mzee wangu, wewe ndiye uliyetufundisha kuitambua. Ikitokea tena sitakuwa na la kukutetea, utaondoka." Zilibaki wiki sita astaafu.

Wiki ya pili tu akaja Bwana Mwita wa Kewanja, mfanyabiashara anayepeleka mboga kwa wapishi wa mgodini. Alileta wazee wanne kutoka Tarime, ndugu wa binti ambaye mwanawe alitaka kumwoa, awalishe chakula cha mchana wamwone kuwa ni mtu. Aliagiza nyekundu. Mmoja wa wale wazee aliuliza kama siku hizi bia imekatazwa, akaambiwa asubiri. Meza ya pili alikaa Bi Aneth na karatasi zake, na najua hakuwa anasoma.

Mzee Ndahani akafungua, akanipa kizibo. Nikakinusa, kizuri kabisa. Nikakiweka kwenye trei. Akamimina kidogo kwa Bwana Mwita, na hapo upepo ukanipitishia harufu ya glasi: gunia lililolowa, mura, ghala zima! Kizibo kilitudanganya. Na ninyi mshike hilo, kizibo msikiamini, aminini glasi.

Bwana Mwita akaonja. Uso ukakunjika, akaukunjua haraka. Mbele ya wakwe watarajiwa angesema nini? "Iko sawa," akasema. "Wape wazee."

Mwenyeji ameonja, mwenyeji amekubali. Kwa sheria ya kazi hapakuwa na la kusema. Mzee Ndahani akaisogeza chupa kwenye glasi ya mkubwa wao, mzee mwenye kofia na fimbo, mtu aliyekunywa pombe nzuri na mbaya tangu ujana wake na asingeweza kudanganywa. Bi Aneth akainua macho.

Nikaingia katikati. Nikaiondoa chupa mkononi mwa mwalimu wangu, nikachukua glasi tupu, nikamwambia yule mzee kwa sauti, nikimwita baba kwa Kikurya: "Tata, unisamehe. Mimi ni wa Nyansurura. Kwetu mwenyeji huonja kwanza, na hapa mwenyeji ni mimi." Nikamimina, nikanywa mbele yao. Ilikuwa mbaya sana. Nikasema, "Hii siwapi wazee wangu. Imeharibika. Nawaletea nyingine."

Yule mzee wa kofia aligonga fimbo sakafuni. "Huyu amelelewa," akasema. "Bwana Mwita, mbona wewe umesema iko sawa?" Wakacheka wote, hata Bwana Mwita, aliyekuwa anatoka jasho. Nyingine ikaja, nzuri, mlo ukaisha vizuri. Yule aliyetaka bia akapewa bia.

Bi Aneth alituita stoo. "Mzee Ndahani," akasema, "chupa ilikuwa mkononi mwako. Marwa alikuwa nyuma. Yeye amesikia, wewe hukusikia?"

Nilianza kusema mambo ya upepo. Mzee Ndahani akaninyamazisha kwa kiganja. "Usiseme uongo juu ya chupa, Marwa," akasema. Akamgeukia. "Pua yangu imekufa, Bi Aneth. Tangu yale mafua."

Bi Aneth akasema mzee atabaki mpaka siku yake, atazungumza na wageni na kufundisha wapya, ila hatahudumia chupa. Funguo za stoo anipe mimi. Na kuanzia siku hiyo kila chupa ionjwe pembeni na mhudumu kabla ya kufika kwa mkubwa wa meza. Wenzangu wakasema Pombe hatimaye amehalalishiwa kunywa divai za wageni.

Mnadhani mzee alinishukuru? Alinipa funguo bila kunitazama, na siku tisa hakusema nami ila la kazi. Siku ya kumi akaniuliza, "Ulikuwa na pua, ulikuwa na mdomo. Kwa nini hukuninong'oneza?"

Ningeweza kumnong'oneza, hatua zilikuwa mbili tu. Nimelifikiria sana na nitawaambia ukweli: nilipenda wale wazee wanione. Nilipenda ile fimbo ilivyogonga sakafu. Nilimwokoa na nikajionyesha kwa wakati mmoja, na ninaona aibu mpaka leo. Mkiwa na mwalimu, mnong'onezeni.

Siku yake ya mwisho waliimba, wakakata keki, wakampa saa ya ukutani. Baadaye, mchana huo huo, gari la kumpeleka stendi likiwa bado halijaja, alinivuta nyuma ya stoo. Alikuwa na chupa ya nyekundu ya Dodoma, ametumiwa na dada yake. Akaifungua yeye mwenyewe. Akanisogezea glasi.

"Mwenyeji huonja kwanza," akasema.

Nikaisukuma kwake. "Ya Dodoma hii. Mwenyeji ni wewe."

Akaingiza pua kwenye glasi, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akafumbua, akanirudishia. "Niambie," akasema.

Nikanusa. Nikamwambia zambarau zilizoiva sana, zile zinazoanguka. Nikamwambia moshi wa kuni, mbali. Pilipili manga kidogo. Ngozi mpya. Alikuwa anaitikia kwa kichwa kila neno, akitazama chini.

"Na mvua?" akauliza.

Nikanusa tena. Nilitafuta kwa bidii kuliko nilivyowahi kutafuta, na vijana wangu, haikuwepo.

"Ipo, mzee," nikamwambia. "Imejaa tele. Ya mwezi wa kumi na mbili."

Akaichukua glasi, akainywa yote taratibu, akaniomba nimwongeze.